Hesabu Ianzayo Mikononi

Wazazi wengi hufurahi kumsikia mtoto wa miaka minne akihesabu moja hata ishirini kwa ghibu, pasipo kukwama, wala si vibaya kufurahi, lakini mwekee mtoto huyo kete saba za bao mkekani, umwombe akuhesabie, na aghalabu utaona ulimi ukikitangulia kidole, kete moja ikapata majina mawili na nyingine ikarukwa, na umwulizapo mwishoni, "Basi ni ngapi?", huanza upya tangu ya kwanza, kwa kuwa hajatambua kwamba jina la mwisho alilolitaja ndilo jawabu.

Ndiyo sababu walimu wa madarasa ya awali huweka kona ya hesabu, yenye mkeka, vizibo vya chupa, vijiti, mbegu na dadu, wakaketi hapo watoto wachache kwa zamu, ili kila mkono upate cha kushika. Vijiti hufungwa kumi kumi kwa uzi, na mtoto aliyefunga mafungu mawili akabakiwa na vijiti vitatu ameishika ishirini na tatu kabla ya kuiona ubaoni. Maria Montessori, tabibu wa Kitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitumia sanduku lenye vyumba kumi vilivyoandikwa tarakimu tangu sifuri hata tisa, na vijiti 45, kiasi kamili cha kuvijaza: mtoto akikosea njiani, chumba cha tisa humsuta, maana vijiti humpungukia au humzidi, na mwalimu hana haja ya kufumbua kinywa. Chumba cha sifuri hubaki kitupu, nacho, kwa maoni yangu, ndicho chenye hekima kubwa kuliko vyote, kwani ni taabu kumwonyesha mtoto kitu kisichokuwapo.

Hata hivyo, safari ya Roma ni ya nini ilhali mdako uko uani? Mchezaji hurusha kokoto moja juu, akakomba zilizomo kishimoni, akaidaka ile ya juu. Arushapo tena huzirudisha zote isipokuwa moja, na duru zifuatazo mbili, kisha tatu. Kokoto ikiwa hewani hapana wasaa wa kuhesabu moja moja. Jicho halina budi kuitambua tatu papo hapo, na kipawa hicho, ambacho hata kwa mtu mzima hukoma kwenye tatu au nne hivi, humfaa mtoto baadaye aionapo saba kuwa ni nne na tatu.

Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1941 pamoja na Alina Szeminska, alieleza jaribio ambalo mzazi yeyote aweza kulifanya nyumbani. Panga safu mbili za kete sita sita zielekeane, naye mtoto atakiri kuwa ni sawa. Kisha itanue moja mbele ya macho yake, na aliye chini ya miaka sita au saba aghalabu atashikilia kwamba iliyo ndefu ndiyo nyingi. Kumkemea hakufai kitu, wala kumkaririsha jibu, mwache aoanishe kete kwa kete, umwulize tu, "Umejuaje?", kisha unyamaze, hata kama mwenzake wa upande wa pili wa mkeka amekwisha kunyosha kidole.