Ruhusa za Faili katika Unix (4): Herufi t

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wengi ninaowasikia wana jibu moja tu: nunua kompyuta mpya. Jibu hilo linaniudhi, na sababu iko ndani ya ruhusa tuliyoiacha kiporo baada ya r, w na x. Ni t, biti inayonata.

Turudi Bell Labs, Marekani, mwaka 1974. Katika maelezo ya Unix waliyochapisha mwaka huo, Dennis Ritchie na Ken Thompson walitaja mashine yao: PDP-11/45 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 144. Mfumo wenyewe ulichukua 42, na zilizobaki watumiaji wote wakagawana. Nafasi ikibana, programu iliyongoja zamu ilihamishiwa kwenye diski ya megabaiti 1 ambayo vichwa vyake havikusogea kabisa, ikarudishwa zamu yake ilipofika.

Sasa chukua ed, kihariri cha maandishi kilichoitwa kutwa nzima. Faili yake ilihifadhiwa kwa vipande vya baiti 512, kimoja huku, kingine kule, na kila kipande kilitafutwa peke yake. Nakala iliyokuwa kwenye eneo la kungojea, yaani ile diski ya megabaiti 1, ilipangwa mfululizo, ikasomeka kwa mkupuo mmoja. Ila mtumiaji wa mwisho alipofunga ed, nakala hiyo ilitupwa! Aliyefuata alianza moja.

Toleo la tano la Unix, mwaka huohuo, likaleta dawa: biti moja ya ziada katika ruhusa za faili. Andika amri ya chmod 1755 badala ya 755, na maagizo ya programu, ile sehemu isiyobadilika, yatabaki palepale hata baada ya wote kutoka. Msimamizi mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuiweka, maana eneo lilikuwa dogo na kila mtu angetaka programu yake ipendelewe. Usumbufu ulikuwepo: ukitaka kuweka toleo jipya la programu, uliondoa biti, ukaiendesha programu na kuifunga ili nakala ya zamani itoke, ndipo ukabadilisha faili na kurudisha biti. Watu wale walijua kila kilobaiti imekwenda wapi. Leo programu ya kuandikia barua inameza kumbukumbu mara elfu kadhaa ya mashine ile nzima, na lawama anabebeshwa mnunuzi.

Mwenye kompyuta kuukuu asihangaike kubandika t kwenye programu zake. Linux, mfumo wa leo wa jamii ya Unix, huipuuza kwenye faili za kawaida, kwa kuwa kilichosomwa karibuni hubaki kwenye kumbukumbu chenyewe maadamu nafasi ipo. Siku hizi t hufanya kazi kwenye saraka, kama /tmp, kuzuia mtu kufuta faili ya mwenzake. Matumizi hayo yaliletwa na 4.3BSD mwaka 1986. Kinachosaidia ni Linux nyepesi, kumbukumbu ya ziada, na SSD badala ya diski ya kuzunguka. Fundi aeleze kwanza kwa nini hayo hayatoshi.