Bibi na Mtumishi Katika Picha za Waholanzi

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Sanaa alitundika ukutani picha ya mwanamke akimimina maziwa. Darasa zima likaangua kicheko. "Ati hata mtumishi wa jikoni huchorwa?" mmoja akauliza. Mimi sikucheka, maana mama yangu huwafulia watu nguo. Nilikwenda maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Picha hiyo ni ya Johannes Vermeer wa mji wa Delft, Uholanzi. Kwingi Ulaya, wachoraji walitegemea makanisa na wafalme. Lakini Uholanzi ya karne ya 17 haikuwa na mfalme, na makanisa yake ya Kiprotestanti hayakuagiza picha. Wenye pesa walikuwa wafanyabiashara, nao walipenda picha za maisha ya kila siku: watu wakila, wakisoma barua, wakifanya kazi za nyumbani.

Humo cheo cha mtu hujulikana upesi. Chukua picha ya Gabriel Metsu ya mwanamke anayesoma barua. Bibi wa nyumba ameketi dirishani, koti lake la manjano limetiwa manyoya meupe. Mtumishi amesimama, ndoo mkononi.

Je, mwenye cheo ndiye mwenye adabu? Jan Steen anakataa! Katika picha yake moja, familia iliyovaa vizuri inakunywa na kuimba, huku baba akimpa mtoto kiko avute. Baba huyo ni Steen mwenyewe! Alikuwa akichora methali ya kwao, kwamba wazee wakiimba, vijana hupiga zumari. Sisi husema mwana hutazama kisogo cha nina.

Hata hivyo, tusidhani kwamba hizo ni picha za kamera. Sakafu za marumaru tunazoziona humo zilikuwa haba majumbani. Wachoraji walizitia ili kupendeza.

Sasa hebu turudi kwa yule mwanamke wa maziwa. Hapana marumaru wala manyoya. Ukuta ni mtupu, una msumari na matundu. Mikono ya nguo ameikunja, na viganja vyake vimeiva kwa jua na kazi. Mezani pana mikate. Bibi wake hayumo kabisa. Picha nzima ni ya mtumishi, naye ametulia kama mtu anayeijua kazi yake.

Vermeer alifariki mwaka wa 1675 akiwa na madeni. Mjane wake alimpa mwokaji mikate picha mbili kwa sababu ya deni la mikate la zaidi ya gilda 600. Kumbe hata bibi wa nyumba aliweza kukosa cha kumlipa mwokaji!

Leo mwanamke wa maziwa yuko Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kumwona. Niliporudi nyumbani jioni ile nilimkuta mama akianika nguo. Nilisimama nikamtazama mpaka akaniuliza, "Kwani kuna nini?"