Sura ya Nne: Mtu Ni Zaidi ya Kadi ya Mgao

Ntobeye ni kata ya Ngara, wilaya ya mkoa wa Kagera, Tanzania, inayopakana na Rwanda na Burundi. Wahangaza na Washubi wa wilaya hii huelewana kwa lugha na majirani wa ng'ambo, kwa hiyo vita vya huko havikuwa kwao habari za mbali. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, Warundi walikimbilia Tanzania. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kutua Benaco, wilayani Ngara.

Kambini mkulima hana shamba, na baba halishi tena watoto wake. Inayowalisha ni kadi. Simon Turner, aliyefanya utafiti katika kambi ya Warundi ya Lukole, aliwasikia wanaume wakilalamika kwamba wake zao sasa wanaliona shirika la wakimbizi kuwa mume bora kuliko wao. Tumbo lilipata mahindi, heshima ikabaki na njaa.

Njaa hiyo imani huishughulikia kwa njia tatu. Kwanza, humkumbusha mtu asili yake: ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Thamani hiyo hakupewa na serikali wala na shamba, hivyo haipotei mpakani. Pili, humpa wajibu. Aliyepanga foleni ya mgao asubuhi, jioni ni mwalimu wa kwaya au mzee wa kanisa, na kuna mgonjwa anayemngoja aje amwombee. Tatu, humpa ndugu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi Kagera, uliwafundisha waumini kuitana ndugu bila kuulizana kabila, na kuungama dhambi mbele ya wenzao.

Fundisho hilo lilisalitiwa. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, ng'ambo ya mto Kagera, waliuawa humo humo, na miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo wauaji. Kwa hiyo faraja isiyo na toba ni uongo. Thamani itokayo kwa Mungu ama ni ya wote, ama si ya yeyote.

Msomaji, ukimtembelea anayeteseka, usimwambie kwamba anaadhibiwa. Mpelekee chakula, msikilize, kisha mwombe naye akuombee.