Lugha Inavyoifichua Siri: Aina za Mashambulizi dhidi ya Ujumbe Uliofumbwa

Kinyume ni mbinu kongwe ya Waswahili ya kusema kwa siri. Silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzoni, hivi kwamba "nyumba" huwa "mbanyu" na "habari" huwa "rihaba". Edward Steere aliitolea mifano katika kitabu chake kuhusu lugha ya Kiswahili katika karne ya 19. Je, maneno yaliyofumbwa hufumbuliwaje na asiyekusudiwa kuyaelewa? Wataalamu huyaainisha mashambulizi kwa kuzingatia kile alicho nacho mshambulizi.

Kwanza, huenda akawa na ujumbe uliofumbwa peke yake. Hapa hutegemea tabia za lugha yenyewe. Al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza kwamba herufi hazitumiki kwa kiwango sawa. Hivyo, herufi iliyobadilishwa kwa nyingine hutambulika kwa wingi wa matokeo yake. Katika Kiswahili, irabu /a/ hujitokeza kuliko herufi nyingine zote, na takriban maneno yote huishia kwa irabu. Alama zinazotawala miisho ya maneno, basi, hujifichua zenyewe.

Pili, mshambulizi huweza kuijua sehemu ya matini asilia. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wafumbuzi wa Uingereza huko Bletchley Park walikisia maneno yaliyozoeleka katika taarifa za Wajerumani za hali ya hewa, kisha wakatafuta mpangilio wa mashine ya Enigma uliooana nayo. Mazoea ya mwandishi yakawa mlango wa adui.

Tatu, mshambulizi huichagua matini mwenyewe, akamfanya mpinzani aifumbe. Mwaka wa 1942, Wamarekani walishuku kwamba "AF" katika ujumbe wa Wajapani ilikuwa Midway. Wakatangaza waziwazi kuwa kisiwa hicho kilipungukiwa na maji. Punde si punde, Wajapani wakaarifiana kwamba "AF" ilikuwa na uhaba wa maji.

Nne, mshambulizi hujaribu kila ufunguo. Mfumo wa DES, ulioidhinishwa Marekani mwaka wa 1977, ulikuwa na ufunguo wa biti 56. Mwaka wa 1998, mashine moja iliupata ufunguo wake kwa muda usiotimia siku tatu.

Mwaka wa 1883, Auguste Kerckhoffs alishikilia kwamba mfumo haufai kutegemea usiri wa kanuni zake, bali ufunguo pekee. Kwa kipimo hiki, kinyume hakina kinga: kanuni ikijulikana, siri imekwisha. Mfumo imara ni ule unaozifuta ruwaza zote za lugha kutoka kwenye ujumbe. Ruwaza hizo, za silabi, viambishi na miisho, ndizo anazozichunguza mwanaisimu kila siku. Kwa hivyo, ulinzi wa siri zinazoandikwa kwa Kiswahili si kazi ya wanahisabati pekee. Unamhusu pia mwanafunzi wa fonolojia na mofolojia.