Mahindi yenye ingali mu shamba iko na bei gani?

Mimi niko mutu wa agronomi, hapana wa kontabilite. Lakini leo tuongelee kontabilite, juu ya mambo yenye ilitufikia mu familia.

Mu mwezi wa pili nilikuwa Lukafu, kwa baba mudogo. Hekta yake moja ya mahindi ilikuwa muzuri, lakini ingali mubichi. Mucuruzi mumoja akamuambia: "Nakupa dola 150, shamba yote inakuwa yangu." Watoto walikuwa wanadaiwa falanga ya masomo. Baba mudogo akaniuliza: "Mwanangu, we njo ulisoma. Bei ya haki ni ngapi?"

Nikamuuliza alitumia ngapi. Dola 200. Nikamujibu: "Basi, baba, akupe 200."

Nilikosea. Usiku nikapigia simu rafiki mumoja mwenye alisoma kontabilite, akanifundisha.

Kampuni kubwa mingi za dunia zinafuata sheria ya hesabu yenye inaitwa IFRS 13, tangu tarehe 1 Januari 2013. Inasema: thamani ya haki ni bei yenye ungepata leo ukiuza kintu mu soko ya kawaida, kati ya watu wenye kujua bei na wenye hawakazwe na shida. Kwa hiyo zile 200 za matumizi si thamani ya haki. Zile 150 pia hapana, juu ni bei ya mutu mwenye anakimbiza falanga ya masomo.

Kupima kuna ngazi tatu. Ya kwanza: bei ya kintu kile kile mu soko yenye inatembea. Ya pili: bei ya kintu chenye kufanana. Ya tatu: kama soko hakuna, unapiga hesabu yako mwenyewe. Mahindi mubichi haina soko, njo maana tuliingia ngazi ya tatu.

Shamba ingeweza kutoa mifuko 40. Tukatosha 10 juu ya bidudu na mvua: 30. Tuliweka bei ya Lubumbashi dola 20 kwa mufuko: 600. Gari, dola 3 kwa mufuko: inabakia 510. Kazi ya kuvuna na kupukusa, 90: inabakia 420. Komisyo na ushuru, 30: 390. Na falanga ya mwezi wa tano si sawa na falanga ya leo; tukatosha tena 30. Inabakia 360.

Nchini Kenya, kampuni kama Kakuzi, yenye iko mu soko ya hisa ya Nairobi, inapima hivi avokado zenye zingali juu ya muti. Muti wenyewe unahesabiwa kama mashini, tangu 2016. Kwetu Kongo, hesabu za OHADA zinaanzia zaidi kwa bei yenye ulinunulia, lakini kampuni zenye ziko mu soko ya hisa zinapashwa kutoa pia hesabu za IFRS.

Deni nayo inapimwa. Unajiuliza: mutu mwingine angeomba ngapi ili abebe hii deni mu nafasi yangu? Jirani mumoja alikopa mbolea ya dola 120, atalipa mifuko 10 kwa mavuno, palepale mu shamba. Mufuko mu shamba ni 20 kutosha 3 za gari: 17. Deni yake leo inakaribia 170, hapana 120. Na Zambia ikifunga mupaka, bei ya mahindi inapanda, deni inapanda nayo.

Asubuhi baba mudogo alimuambia mucuruzi: "Robo ya shamba, dola 90." Ule alikasirika, akaishia kulipa 80. Falanga ya masomo ikalipwa, robo tatu ikangojea mavuno.

Bandugu, wazazi wetu wengi wanauza mu mwezi wa pili. Hatuwezi kuwatoshea shida, lakini kalamu na karatasi tuko nayo. Mukienda mukini, mukae nao chini mupige hii hesabu mbele mucuruzi afike.