Ngome Iliyochimbwa

Ukitoka Kimilili unapanda matatu ya Kamukuywa, unashika barabara kuu itokayo Kitale, kisha unateremka kupitia Misikhu hadi Webuye. Juu ya mji ndiko kulikosimama vilima vya Chetambe. Bondeni unapita Mto Nzoia, uliobeba maji ya Cherang'ani na ya Mlima Elgon, ukielekea maporomoko ya Nabuyole, ambayo Waingereza waliyabatiza Broderick. Aliyekuwa kileleni aliweza kumwona mgeni akiwa bado mbali.

Mtu aliyezoea picha za ngome za Ulaya hufika huko juu akitafuta minara na kuta za mawe. Asitafute. Atazame chini, penye handaki. Ngome ya Chetambe ilichimbwa, na kilichochimbwa ndicho kilichobaki.

Wabukusu huita boma la namna hii lukoba. Yakiwa mengi ni chingoba. Karne ya 19 nchi hii yote, kuanzia Mumias hadi miguuni mwa Elgon, ilijaa vijiji vya kuta. Msafiri Joseph Thomson alivikuta alipopita mwaka 1883. Sababu kubwa ilikuwa ng'ombe. Wamasai wa Uasin Gishu, Wateso na majirani wa mlimani walivamia kwa ajili ya mifugo, na Wabukusu nao hawakukaa tu wakisubiri kuvamiwa. Ndiyo maana lukoba ilizingira watu pamoja na mifugo yao.

Ujenzi wake unanistaajabisha kila ninapoufikiria, kwa kuwa kila pigo la jembe lilifanya kazi mara mbili. Udongo uliotolewa shimoni ulirushwa upande wa ndani, ukapandishwa kuwa ukuta. Chimba handaki la kufika kifuani, na adui atakayetumbukia humo atakuwa na kina hicho nyuma yake, na mbele yake kina hichohicho kikiwa kimeongezewa ukuta. Mkuki anaourusha kutoka chini unapoteza nguvu. Unaotoka juu unazidishiwa. Mlango ulikuwa mwembamba, watu wasiweze kupita kwa wingi. Mvamizi aliyefanikiwa kuingia bado alikuwa na shida ya kutoka, maana kundi la ng'ombe halipiti haraka penye uwazi mdogo.

Halafu mvua. Ukuta wa udongo usiotunzwa unayeyuka, msimu baada ya msimu, ukirudi ulikotoka. Handaki hujaa polepole zaidi, nyasi zikishika kingo zake. Kwa hiyo anayezuru Chetambe anaiona nusu moja ya ngome, na nusu ya pili sharti aijenge kichwani: ukiwa umesimama kwenye ukingo wa ndani, jaza ukuta pale ulipo, uuinue kupita kichwa chako. Mtafiti Scully alipochapisha uchunguzi wake wa ngome za Wabukusu wa mashariki mwaka 1969, alifanya kazi kwa mabaki ya namna hii na kwa kumbukumbu za wazee. Moja bila nyingine haitoshi.

Jina lenyewe ni la mtu. Masimulizi yanamtaja Chetambe, mwanamume wa Kitachoni, kuwa ndiye mwenye ngome. Watachoni hukereka wakisikia vita vya hapa vikiitwa vya Wabukusu peke yao, nami naona wana haki.

Vita hivyo vilianzia kwenye bunduki zilizokuwa mikononi mwa wenyeji. Askari waliotumwa kutoka Mumias kuzikusanya waliuawa, na Agosti 1895 ofisa Mwingereza C. W. Hobley akaja kulipiza, akiwa na Wasudani, Waganda na Wawanga. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Walionusurika wakapanda Chetambe, mahali pa juu zaidi, kama ambavyo akili ya miaka yote iliyotangulia ingewaelekeza. Lakini bunduki ya Maxim haihitaji kushuka handakini. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na watu waliokwisha kupigwa kwa mizinga: kuta nene, pembe zilizochongoka ili kila upande ulindwe na mwingine. Lukoba ilichorwa dhidi ya mkuki na mwizi wa ng'ombe, na kwa kazi hiyo ilikuwa kamili. Kuiita dhaifu ni kuipima kwa vita ambavyo haikuwahi kuagizwa kuvipigana. Watu wengi walikufa ndani ya handaki lao wenyewe. Wanawake, watoto na mifugo wakachukuliwa.

Mwaka 1947 Elijah Masinde, mtu wa Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya mpira kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, alipandisha maelfu ya wafuasi wake hadi Chetambe kuwaombolezea waliouawa. Ilikuwa imepita miaka 52. Mtoto wa miaka minane siku ya vita alikuwa sasa na miaka 60, na miguu ya kutosha kupanda tena kilima.