Mtoto mwenye usonji naye anahitaji kukimbia

Tulipozungumzia usonji kwenye kipindi cha asubuhi, mama mmoja wa hapa Mwanza alitupigia akasema mwanawe wa miaka 9 hatoki nje. Anahofia atakimbilia barabarani, na zaidi anahofia maneno ya majirani. Hatukumlaumu, ila swali lake lilihitaji jibu refu kuliko muda wetu hewani.

Usonji ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo. Si laana, hauambukizi, na mazoezi hayauponyi. Lakini watoto wengi wenye hali hii hupata shida ya usingizi, na wengine hutaabika kudaka mpira au kusimama kwa mguu mmoja. Mtoto anayeshinda ndani hapati nafasi ya kujifunza hayo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili.

Aina ya zoezi nayo ina uzito. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walilinganisha dakika 15 za kukimbia na dakika 15 za kucheza mpira taratibu. Watoto walikuwa wachache, lakini baada ya kukimbia, tabia za kujirudiarudia zilipungua. Baada ya mpira hazikubadilika sana. (Kupunga mikono si utovu wa adabu, jamani. Wengi hujituliza hivyo.)

Kwa hiyo mama, anza na dakika tano, saa ileile, njia ileile, ukimshika mkono karibu na barabara. Usimweleze sana, mwonyeshe, naye aige. Nenda uwanjani asubuhi kabla ya filimbi na kelele, maana hizo humtesa kuliko mbio zenyewe. Kama ana kifafa, zungumza na daktari kwanza.

Kuogelea watoto hawa hukupenda mno, na hapo ndipo penye hatari kwetu tunaoishi kando ya ziwa. Wengi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Ufukweni kuna kichocho pia. Ukipata bwawa safi, afundishwe, na mtu mzima awe umbali wa mkono, hata akishajua kuogelea.